Air Force 1: Baltimore Walikidai, Karume Wanakitunza

Kufikia mwaka 1984 Nike walikuwa wamekwisha kuachana na Air Force 1. Kiatu hicho walikizindua mwaka 1982, wachezaji wa kikapu wakakivaa, kikauzwa, na kwa desturi ya biashara ya viatu vya michezo enzi hizo zamu yake ikawa imepita. Kiwanda kilitoa mtindo, mtindo ukauzwa msimu mmoja au miwili, kisha ukaondolewa madukani kupisha mwingine. Viatu vilivyotangulia viliondoka hivyo hivyo na hakuna aliyevililia.

Hiki kilililiwa, na waliokililia walikuwa vijana wa Baltimore.

Naishi Maryland, si mbali na mji huo, na hadithi hii huku bado inasimuliwa kwenye saluni za kiume kana kwamba imetokea juzi. Wenye maduka matatu ya viatu mjini humo, Charley Rudo, Cinderella Shoes na Downtown Locker Room, walichoka kuwaambia wateja kwamba Air Force 1 zimekwisha. Kila siku watu waliingia kuulizia kitu kile kile. Basi wenye maduka wakawaendea Nike na kuomba kiatu kirudishwe kiwandani. Nike hawakuwa na mazoea ya kufufua mtindo waliokwisha kuuondoa, lakini walikubali, mradi maduka yenyewe yaagize kwa wingi. Kikarudi katika rangi mpya, kikiwamo cheupe chenye buluu na cheupe chenye kahawia. Kikaisha. Wakaagiza rangi nyingine, nazo zikaisha, mpaka ukazaliwa utaratibu wa kutoa rangi mpya kila mwezi. Watu wakawa wanatoka Philadelphia na New York, wanateremka kwa barabara kuu ya I-95, kwenda kununua Baltimore viatu ambavyo kwao havikuwapo.

Majarida ya mitindo yanapoeleza historia ya kiatu hiki huruka haraka kutoka kwa mbunifu hadi kwa wanamuziki, na hapo katikati yanapita mbio. Mimi naona hapo katikati ndipo penye habari yenyewe. Baltimore ya miaka ile ilikuwa inapoteza kazi. Kiwanda cha chuma cha Bethlehem Steel pale Sparrows Point, kilicholisha maelfu ya familia, kilikuwa kikipunguza watu mwaka hadi mwaka. Vijana Weusi wa mji huo hawakuulizwa maoni yao juu ya kiwanda, wala shule zao, wala mitaa yao. Kwenye viatu walikuwa na kauli kwa sababu fedha ilikuwa mikononi mwao, na kauli hiyo wakaitumia. Leo kurudisha viatu vya zamani sokoni ni biashara kubwa ya kampuni nyingi za michezo duniani. Air Force 1 ni miongoni mwa vilivyofungua njia hiyo, na waliosukuma mlango walikuwa wateja wa kawaida na wenye maduka waliowasikiliza.

Kiatu chenyewe kilistahili kupiganiwa. Aliyekibuni ni Bruce Kilgore. Ndani ya kisigino kuna mfuko wa hewa, ubunifu uliofikishwa Nike na Frank Rudy, mhandisi aliyetoka kwenye kazi za vyombo vya anga, na Air Force 1 ndicho kiatu cha kwanza cha kikapu cha Nike kuwekewa mfuko huo. Chini ya soli, pale unyayo wa mbele unapokaa, kuna miduara iliyo mmoja ndani ya mwingine. Mchezaji anapogeuka kwa mguu mmoja, kiatu kinazunguka naye badala ya kung'ang'ania sakafu na kumtesa goti. Kwenye ncha na kwenye kisigino kuna vinyota vidogo vya kushika sakafu. Soli imeumbwa kama bakuli la mpira: ngozi ya juu imekaa ndani yake, kisha vyote viwili vikashonwa kwa uzi kuzunguka ubavu mzima. Uzi huo ukumbuke, maana ndio uliokifikisha kiatu hiki kwetu kikiwa kizima.

Jina lilitokana na ndege ya Rais wa Marekani. Picha ya kukitangaza iliwaonyesha wachezaji sita wa NBA katika mavazi ya marubani: Moses Malone, Bobby Jones, Michael Cooper, Jamaal Wilkes, Calvin Natt na Mychal Thompson. Fainali za mwaka 1983 ziliwakutanisha wanne kati yao, Malone na Jones upande wa Philadelphia, Cooper na Wilkes upande wa Lakers, na Philadelphia wakashinda michezo minne kwa bila. Kwa upande wa uwanja, hayo yanatosha. Kilichofuata kilitokea barabarani.

Huku kiatu hiki kina sheria zake. Chenye heshima kuliko vyote ni cheupe pepe, cha shingo fupi, na kinatakiwa kionekane kama kimetolewa kwenye boksi asubuhi hiyo hiyo. Kuna kijana wa West Baltimore niliyefanya naye kazi ghalani. Siku za Ijumaa alikuja na viatu viwili, vya kazi miguuni na vyeupe ndani ya mfuko, na saa ya kutoka ilipofika alibadilisha akiwa ameketi, akiwa ametandika kitambaa chini. Alitembea akiukanyaga mguu bapa ili ngozi ya mbele isipate makunyanzi. Wenzake wengine hutia vipande vya plastiki ndani, juu ya vidole, kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye gari alikuwa na mswaki wa viatu. Kiatu kilipopata mkunjo usiotoka, au soli ilipoanza kugeuka manjano, hakukihangaikia tena. Kilishushwa cheo kikawa cha kukatia nyasi, baadaye kikaingia kwenye sanduku la msaada lililoko kwenye maegesho ya duka, naye akanunua jozi nyingine ile ile, nyeupe ile ile, kwa zaidi kidogo ya dola 100.

Wapo Watanzania wenzangu huku wanaoliona hilo kuwa israfu. Mimi siwaungi mkono. Mtu Mweusi katika nchi hii anakaguliwa kwa macho kabla hajafungua mdomo, na usafi wa kupitiliza ni jibu ambalo wazee wao walilitoa kwa suti za Jumapili na kofia za kanisani. Kijana yule aliniambia bibi yake ndiye aliyemfundisha: ukitaka kujua mtu anajithamini vipi, anza chini. Bibi yangu wa Tanga alisema hayo hayo kwa maneno mengine, naye alikuwa akivaa kandambili zilizosuguliwa kwa jiwe mpaka zikang'aa.

Thamani hiyo ilimwaga damu pia. Mwaka 1989, katika jimbo hili la Maryland, kijana wa miaka 15 aliuawa kwa ajili ya jozi ya Air Jordan, na mwaka 1990 jarida la Sports Illustrated likaweka mauaji ya namna hiyo kwenye jalada lake. Sitaki kusifu utamaduni huu nikaliruka hilo. Mzazi wa Kitanzania anayemuuliza mwanawe anakwenda wapi na viatu hivyo jioni ana haki ya kuuliza.

Mwaka 2002 Nelly, mwanamuziki wa St. Louis, alitoa wimbo wenye jina la kiatu hiki, na sisi tuliokuwa Dar es Salaam tukauona kwenye televisheni za majirani. Kwa wengi wetu ndipo kilipopata jina. Kabla ya hapo zilikuwa raba tu, nzuri, nzito, zinazokuja kwenye mitumba. Baada ya hapo tukajua tunachokitafuta, na tulipokitafuta palikuwa mahali pamoja: Karume.

Soko la Mchikichini, ambalo wengi tunaliita Karume, liko Ilala. Liliungua Januari 2022, mali za watu zikateketea, na wafanyabiashara wakarudi kujenga vibanda upya. Kwenye upande wa viatu, balo hufunguliwa alfajiri. Wachuuzi wanaonunua kwa jozi hulizunguka, na kazi ya kwanza ni kukitafutia kila kiatu mwenzake, maana vingi hufika vimetengana. Mtazame mnunuzi anayejua. Haangalii juu ya kiatu, anakigeuza. Macho yanakwenda kwenye vinyota vya ncha: vikiwa vimelika, aliyekivaa alikuwa anaburuza mguu. Kisha kwenye miduara: ikiwa bado ina kingo, kiatu kilikuwa cha kutembelea, hakijachezewa. Kisha anapitisha ukucha kwenye uzi wa ubavuni akisikiliza kama umekatika mahali. Mwisho anaingiza mkono ndani kupapasa kitambaa cha kisigino, kwa kuwa hapo ndipo huchanika kwanza. Anamaliza yote hayo kabla mwenye balo hajataja bei.

Kinachofuata ni kazi ambayo Baltimore haina. Kamba zinatolewa na kulowekwa peke yake. Soli ya ndani inachomolewa, inasuguliwa, inaanikwa kivulini. Ngozi inapigwa brashi laini kwa maji ya sabuni ya unga. Aliyezoea hagusi jiki, kwa kuwa jiki huigeuza raba manjano. Ubavu wa soli unasuguliwa kwa dawa ya meno. Makunyanzi ya mbele, yale yale ambayo rafiki yangu wa ghalani aliyakimbia, yanatolewa kwa kujaza kiatu matambara, kufunika ngozi kwa kitambaa chenye maji na kupitisha pasi. Kisha kiatu kizima, kikiwa bado na unyevu, kinaviringishwa karatasi nyeupe za chooni na kuanikwa. Maji yanapokauka, uchafu uliobaki unahamia kwenye karatasi. Ukipita mapema utavikuta vimepangwa juu ya bati, vyeupe vyote, majina hayasomeki. Mchana karatasi zinabanduliwa, na kiatu kilichotupwa kwa sababu ya mkunjo kinapandishwa mezani kikiwa hakina mkunjo.

Nani atasema kazi hiyo si sehemu ya historia ya Air Force 1? Nimesoma vitabu na makala nyingi za kiatu hiki. Yamo majina ya wabunifu, wanamuziki, wachezaji, wenye maduka. Mwosha viatu wa Ilala hayumo, wala wa Gikomba kule Nairobi, wala wa Owino kule Kampala. Ilhali wao ndio wanaokipa maisha ya pili na ya tatu, kwa mikono, bila kulipwa senti na yeyote aliyekitengeneza.

Halafu yupo fundi. Kwetu mtu akinunua kiatu, hata kipya cha dukani, hukipeleka kwa fundi kishonwe soli kabla hakijakanyaga ardhi. Gundi peke yake hatuiamini, na tuna haki, maana joto la Pwani likisaidiana na mvua ya masika linaibandua mapema. Likizo moja nilimletea mpwa wangu jozi mpya, akasisitiza tupitie kwa fundi anayekaa chini ya mwarobaini karibu na kituo cha daladala. Ni mzee, ana boksi la mbao, sindano yenye ndoana, nta na nyuzi za rangi tatu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, wanangu. Leteni nione."

Alikigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye ubavu, akakirudisha.

"Hiki hakihitaji uzi wangu. Kimeshonwa huko huko kwao. Aliyekitengeneza anajua kazi."

"Mjomba, nilitaka tu ahakikishe," akasema mpwa wangu.

"Mmefanya vizuri," mzee akajibu. "Uzi ukija kukatika mniletee. Napitisha mwingine kwenye matundu yale yale."

Maneno hayo ya mwisho yana uzito kuliko matangazo yote ya kiatu hiki niliyowahi kuyaona. Kiatu kinachoshonwa kwa nje kinaweza kushonwa tena na mtu yeyote mwenye sindano. Raba nyingi za siku hizi zinategemea gundi na povu peke yake: nyepesi, za kasi, na zikibanduka fundi hana pa kushika. Kilgore alibuni soli ile kwa ajili ya watu wazito wanaoruka juu ya sakafu ya mbao. Hakuwaza fundi wa Dar es Salaam, ila ubora wa kazi yake ulimfikia.

Sakafu ya mbao kwetu ni adimu. Kikapu cha Dar kinachezwa kwa wingi kwenye viwanja vya nje, Don Bosco, au JMK Park pale Kidongo Chekundu, na sakafu ngumu hula soli. Kiatu kilichochezewa msimu mmoja huko hupoteza miduara ya kati kabisa, pakabaki duara laini chini ya unyayo kama uso wa sarafu iliyochakaa, na mchezaji akigeuka anateleza. Wengine huwapelekea mafundi wakakwangua mistari mipya kwa kisu. Mpira wa soli ni mnene, unavumilia kukwanguliwa. Jambo jingine ambalo watu hulisahau ni namba. Balo la Marekani huja na viatu vikubwa ambavyo wengi hawavitaki, na kwa vijana warefu wanaocheza kati hiyo ni neema, kwa sababu dukani namba 47 haipatikani au haishikiki kwa bei. Nchi iliyomtoa Hasheem Thabeet, aliyechaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA mwaka 2009 akiwa na urefu unaokaribia mita mbili na robo, ina warefu wengine wanaovaa kile ambacho balo limeleta.

Kariakoo zipo Air Force 1 mpya kwa bei ya mtumba au chini yake, kopi kutoka China. Zina umbo, zina weupe, na nyingi zina mstari uliochorwa ubavuni mahali ambapo uzi ungepita. Simlaumu anayezinunua. Mtoto anataka kwenda na wenzake kwenye sherehe, na fedha ni ile iliyopo. Lakini muulize fundi yeyote ni zipi zinazorudi kwake baada ya wiki chache.

Haya yote yangeweza kukoma kwa saini. Mwaka 2016 wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vya mitumba hatua kwa hatua hadi kuvimaliza mwaka 2019, ili viwanda vyetu vipate kupumua. Wafanyabiashara wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na Washington ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ikarudi nyuma, kisha Tanzania na Uganda. Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye mpango huo. Naiheshimu Rwanda kwa hilo. Miaka mitatu baadaye, Mei 2021, Ligi ya Kikapu ya Afrika, BAL, ilifunguliwa Kigali, timu zikiwa zimevalishwa na Nike na Jordan. Nchi iliyofunga mlango kwa raba zilizovaliwa ilipokea raba mpya za chapa zile zile.

Hoja ya viwanda naichukua kwa uzito, kwa sababu viwanda tulikuwa navyo. Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikikusudiwa kutoa jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikauzwe Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo huo, na kikafungwa. Sababu zake ni nyingi: mashine zilizokosa vipuri, ngozi duni, usimamizi mbovu, fedha za kigeni zilizokauka. Ila linaloniuma zaidi ni kwamba mpango wote ulimtazama mteja wa Ulaya ambaye hakuna aliyemuuliza, wakati mwanafunzi wa Kihonda na mkulima wa Mvomero walikuwa mlangoni, hawana viatu, wanajua kabisa wanachohitaji. Baltimore walikuwa na maduka matatu yaliyosikiliza watu wanaoingia. Morogoro palikuwa na kiwanda kizima na hakuna aliyesimama mlangoni kusikiliza.

Ndiyo maana nikisikia habari za viwanda vipya vya ngozi, kama kile cha Karanga kule Moshi, natamani wakubwa wake waende wakakae wiki moja na mafundi wa Karume kabla ya kuchora mtindo. Watajifunza kwamba mteja wa Dar anataka soli iliyoshonwa, soli ya ndani inayochomoka ili ifuliwe, na ngozi inayovumilia brashi. Elimu hiyo haipo kwenye ripoti ya mshauri yeyote. Imekaa kwenye vidole vya watu wanaofungua kila siku viatu vya dunia nzima na kuona kila kimoja kimekufa kwa ugonjwa gani.

Huku ughaibuni mambo yamekwenda upande mwingine. Februari 2022 nyumba ya mnada ya Sotheby's iliuza jozi 200 za Air Force 1 zilizobuniwa na marehemu Virgil Abloh, mtoto wa wahamiaji wa Ghana, kwa ajili ya Louis Vuitton. Zilileta zaidi ya dola milioni 25, fedha zikaenda kusomesha vijana Weusi. Shabaha hiyo naipongeza kwa moyo wote. Lakini sina shaka kwamba nyingi ya jozi hizo hazijagusa ardhi wala hazitagusa, na mtindo huo umeshuka mpaka kwa watu wa kawaida: kununua, kufungia kwenye boksi, kungoja bei ipande, kuuza. Kiatu kilichovaliwa mara moja kinapoteza sehemu kubwa ya thamani yake. Na povu la poliyurethane lililomo katika raba nyingi za zamani huoza kwa unyevu hata likiwa ndani ya boksi. Nimeona mtu akifungua kwa fahari raba zake za zamani ambazo hazijavaliwa, na kisigino kikamomonyoka mkononi mwake kuwa unga.

Kati ya kulinda kiatu kwa kutokivaa na kukilinda kwa kukiosha, kukishona na kukikwangua soli, mimi nimechagua upande. Rafiki yangu wa West Baltimore ana heshima yangu yote, kwa sababu anavivaa. Anayefungia boksi simwelewi. Na fundi wa chini ya mwarobaini namweka juu yao wote, kwa kuwa yeye peke yake ndiye anayeweza kukirudisha kiatu kazini.

Kwa hiyo ninyi mlioko huku, mnaopanga kusafisha makabati majira haya, nina ombi. Viatu vinavyoingia kwenye masanduku ya misaada havitupwi vyote. Vingi vinauzwa kwa uzito, vinapangwa, vinafungwa kwenye mabalo, na baadhi vinafika Mombasa na Dar es Salaam. Usiweke kilichooza wala kilichopasuka katikati, maana mchuuzi aliyenunua balo lisilofunguliwa amekilipia, na hakuna wa kumrudishia. Kitoe matope. Acha soli ya ndani mahali pake. Kisha funga kamba za kushoto na kulia pamoja, fundo gumu, kabla ya kuvitumbukiza. Kiatu kimoja kisicho na mwenzake hakiuziki Karume.